Silabasi yangu niliikuta kwenye kaunta buku

Nina kaunta buku nene, ile ya jalada jeusi na mgongo mwekundu, naandika humo kila kazi nimefanya tangu niajiriwe hapa Kisumu kama fundi wa friji na AC. Tarehe, mahali, mashine gani, shida ilikuwa nini, nimeweka nini, nimemaliza saa ngapi. Nilianza ju bosi alikuwa anataka ripoti kila Ijumaa, na ukifanya kazi nne tano kwa siku, leo Milimani kesho Bondo, ikifika Ijumaa zote zimechanganyika. Kando ya kazi zingine kuna herufi J nimeizungushia duara. J ni Jaduong', mzee aliyenifundisha hii kazi kabla astaafu. Nikikwama nampigia. Tukimaliza namtumia mia tatu kwa M-Pesa, hajawahi kuitisha, ni heshima tu, na ju hiyo pesa inatoka mfukoni mwangu nilikuwa naiandika.

Sasa Desemba mwaka juzi, kazi zimepungua kidogo, nikakaa na hicho kitabu nikitaka kujua hizo mia tatu zimefika ngapi mwaka huo. Nikahesabu J thelathini na moja. Sikushtuka na pesa. Nilishtuka nilipoanza kusoma nilikuwa nampigia kuhusu nini. Mara kumi na nne ilikuwa bodi za umeme za AC za inveta, zile zinazobadilisha kasi ya kompresa. Mara tisa ilikuwa umeme wa vyumba vya baridi, yaani taima ya difrosti, kontakta, hizo waya. Mara tano friji ndogo zenye gesi ile inawaka. Tatu zilizobaki ni hapa na pale. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiulizwa kwenye fomu za ofisi "unahitaji mafunzo gani" naandika tu kitu, "kompyuta", "huduma kwa wateja", chochote kinachosikika vizuri, na kumbe jibu lilikuwa kando ya ukurasa na duara juu yake.

Naandika hii makala ju najua watu wengi sana hapa, mafundi, manesi, makarani wa stoo, wahasibu, wako kazini miaka nane kumi na hakuna mtu amewahi kukaa nao chini kuwauliza wanataka kujua nini mwaka ujao. Na wengi wetu tunangoja. Tunangoja kampuni itupeleke kozi, kaunti ilete semina, bosi aamke siku moja akumbuke. Mimi nilingoja pia, na nilichopata baada ya kungoja ni siku mbili kwenye ukumbi wa hoteli, chai saa nne na samosa, mtu wa kutoka mbali akituonyesha slaidi za uongozi na kujiamini, mafundi kumi na wawili tumekaa na mikono ya grisi tunaandika maneno makubwa. Nilipewa cheti. Jumatatu nikaenda kwa kiyoyozi ya inveta kule Riat, ikawa inawaka taa mara saba inazima, nikampigia Jaduong'.

Simlaumu yule mwalimu, alifundisha alichoitiwa. Shida ni kwamba hakuna mtu alikuwa ameangalia kazi yetu kabla ya kuamua tufundishwe nini.

Kwa hivyo cha kwanza kabisa, kabla hujatafuta kozi, kabla hujaingia YouTube, tafuta J zako. Kila mtu anazo. Ni ile simu unapiga, ni yule mwenzako unamuita "hebu kuja uone hii," ni ile kazi unaiacha chini ya zingine hadi mtu mwingine aichukue, ni ile fomula kwenye kompyuta unanakili kutoka faili ya mwaka jana bila kujua inafanya nini. Andika mwezi mmoja tu. Usiandike unachotamani kujua, andika ulipokwama. Hizo ni orodha mbili tofauti kabisa, na mimi nilikuwa nimeishi kwa ile ya kwanza.

Alafu kuna kuchagua, na hapa ndo watu hukosea, hata mimi ningekosea. Ukiangalia hesabu yangu, bodi za inveta ndizo nyingi, kumi na nne, ungesema anza hapo. Sikuanza hapo. Nilianza na zile tano za gesi inayowaka, na sababu ni kitu kilichonitokea Nyalenda.

Ilikuwa friji ya nyumbani, ya mama mmoja mzee, chumba kimoja na jikoni hapo hapo, imeacha kugandisha. Nikaivuta kutoka ukutani, nikagusa kompresa, ina joto lakini mrija wa kurudi hauna baridi, nikasema gesi imeisha. Nikakata mrija mdogo wa kujazia, ikapumua kidogo tu, fyuu, nikajua ndo ile imebaki. Haikunuka chochote. Nikachukua tochi ya kuchomea niweke mrija mpya, nikawasha kiberiti, na moto wa bluu ukakimbia chini kwa sakafu, chini kabisa kama maji yaliyomwagika, hadi karibu na jiko la makaa alilokuwa ameweka maharagwe, ukazima. Haukukaa hata sekunde mbili. Nywele za mkono wangu wa kulia ziliungua hadi kiwiko. Yule mama akasema, "Nyathina," yaani mtoto wangu, "ni nini hiyo?" na mimi sikuwa na jibu. Nilisimama tu nikishika tochi.

Nikainama nikaangalia kompresa vizuri. Stika ilikuwa hapo. Pembetatu ya manjano, moto mweusi katikati, chini yake R600a, gramu 52. Nilikuwa nimeona hiyo stika kwa friji nyingi na sikuwa nimewahi kuuliza inamaanisha nini, ju friji nilizofundishwa nazo zilikuwa za gesi ya R134a, ambayo haiwaki hivyo.

R600a ni isobutani, ndugu kabisa wa gesi ya kupikia, ni vile tu haitiwi ile harufu. Ni nzito kuliko hewa ndo maana inashuka inatambaa sakafuni, na nyumba zetu, jiko la makaa linakaa wapi? Sakafuni. Sasa friji nyingi mpya zinazoingia madukani pale Oginga Odinga Street zina hiyo gesi, na friji za duka za soda zinakuja na R290, ambayo ni propani, inawaka vilevile. Na usidanganyike ati ju ni ndugu wa gesi ya kupikia basi unaweza kujaza ya mtungi wa jikoni, ile ina harufu ya kutiwa, ina unyevu, ina mchanganyiko usiojulikana kiasi, unaua mashine na pengine mtu.

Kwa hivyo sikuchagua linalojirudia zaidi, nilichagua linaloweza kuua. Baada ya hapo ndo nikaangalia linalojirudia. Na baada ya hapo nikaangalia linalokuja, ju kwa kazi yetu kalenda ilishaandikwa zamani. Mkataba wa Montreal ulitiwa saini 1987 kulinda ozoni, ndo ukaondoa ile gesi ya R12 ambayo wazee wetu walikulia nayo. R22, ambayo AC nyingi za zamani hapa Kisumu bado zinaitumia, nchi kama yetu zinatakiwa zimepunguza kwa asilimia 67.5 kufikia 2025 na ikifika 2030 imekwisha, inabaki kidogo sana ya kuhudumia mashine za zamani. Alafu 2016, hapo Kigali tu, nchi zikakubaliana kupunguza pia zile zilizokuja badala yake, akina R134a na R410A na R404A ya vyumba vya baridi. Mimi nina miaka thelathini na nne. Nikisema najua R22 vizuri, ninasema najua kitu ambacho kitaisha kabla mtoto wangu amalize shule ya msingi.

Kila kazi ina 2030 yake. Karani wa hospitali akiona faili za karatasi zinahamishwa kwenye mfumo, hiyo ni 2030 yake. Makanika wa injini za kabureta alishaiona yake. Uliza tu kwa kazi yako, ni kitu gani watu wanaacha kuleta, na ni kitu gani kimeanza kuletwa ambacho kila mtu anakiogopa.

Nikachukua karatasi moja, nikaandika: Januari hadi Machi, gesi zinazowaka. Chini yake nikaandika nitajua vipi kwamba nimeweza: friji tatu za R600a nimezifungua na kuzifunga bila kumpigia mtu, na zikae miezi miwili bila kurudi. Hiyo tu. Miaka ya nyuma ningeandika "kuboresha ujuzi wangu wa friji", na hiyo sentensi unaweza kuitunza hadi uzeeke, haitakuuliza chochote. Friji tatu bila simu, hiyo inakuuliza kila wiki.

Kitu kimoja kwa miezi mitatu. Nimejaribu viwili, haifanyiki, angalau kwa mtu anayetoka nyumbani Mamboleo saa kumi na mbili na kurudi saa mbili usiku na mtoto anataka aangaliwe homuweki.

Wakati wa kusoma ulikuwa wapi? Hapa niseme ukweli, nilikuwa nimepoteza muda mwingi sana na vidio. Nalala kitandani usiku naangalia mafundi wa India wakifungua AC, wana mikono mizuri sana, wanaeleza vizuri, naangalia tatu nne, nalala nikihisi nimejifunza. Siku nikishika mashine yenyewe hakuna kitu. Jicho lilikuwa limeona lakini mkono haukuwa umeambiwa. Nikajiwekea sheria, siwashi vidio kama sina swali limeandikwa. Si "kuhusu R290", swali kabisa: nikishakata mrija, natoa vipi gesi yote iliyobaki kwenye mafuta ya kompresa kabla ya kuwasha moto? Ukiwa na swali kama hilo unaangalia dakika nne unapata, unafunga simu. Jibu lenyewe, kwa anayetaka, ni kwamba unafungua madirisha na milango, unatoa moto wote nyumbani, unatolea gesi nje kwa mpira mrefu, unavuta vakyumu, unapuliza na naitrojeni, na hata hapo ukiweza unganisha bila moto kabisa, kwa viungo vya kubana.

Na kitu nilichosoma asubuhi narudia kesho yake kwa matatu, alafu wiki ijayo, dakika tano tu. Kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kumbukumbu yake, alikuwa anakariri silabi zisizo na maana yoyote alafu anapima baada ya muda zimebaki ngapi, akachapisha matokeo 1885, na alichokuta ni kwamba kusahau kwingi kunatokea siku ile ya kwanza, na kwamba ukirudia, mara ya pili unashika haraka kuliko ya kwanza. Sikuhitaji Mjerumani aniambie nasahau. Lakini ilinisaidia kujua kwamba kusahau kesho yake si dalili ya kichwa kibaya, ni kawaida ya kichwa, unapanga tu na hiyo.

Sasa bosi. Hii ndo sehemu niliiogopa zaidi.

Nilikuwa nimesikia wenzangu wakienda kwake kuomba kozi, anawajibu "nikikupeleka utaenda kwa mwingine", mazungumzo yanaishia hapo. Kwa hivyo sikuenda kuomba kozi. Nilienda na kaunta buku. Nikangoja Ijumaa jioni, simu zimetulia, nikamwambia, "Bosi, naomba dakika kumi, nikuonyeshe kitu kwa hiki kitabu." Nikamfungulia kazi zilizorudi. Mwaka huo kazi zangu sita zilikuwa zimerudi, yaani nimetengeneza mteja akapiga tena ndani ya mwezi, na katika sita nne zilikuwa inveta. Moja ilikuwa ya Usenge. Kwenda Usenge mara mbili na pikapu, yeye mwenyewe anajua mafuta ni pesa ngapi.

Akanyamaza akisoma. Akauliza, "Sasa unataka nini?"

Nikamwambia nataka vitu vitatu na hakuna hata kimoja ni pesa. Nataka saa mbili za Ijumaa mchana nisipangiwe kazi. Nataka zile bodi zilizokufa ziko stoo, zile huwa zinatupwa, niruhusiwe kuzifungua. Na nataka kila mwezi nipewe kazi mbili za inveta na yule fundi wetu mkubwa asimame nyuma yangu asishike spana.

Hicho cha mwisho ndo kilikuwa kigumu, ju kazini mtu hupewa kazi anayoijua. Inaonekana ni busara, kazi inaisha haraka, lakini matokeo yake ni kwamba mimi nikijua gesi naitwa kwa gesi hadi kufa, na mwenye kujua bodi anaitwa kwa bodi, akiugua siku moja kampuni nzima imekwama. Mafunzo makubwa ninayoweza kupewa kazini ni kazi yenyewe, ile ambayo bado siiwezi, na mtu wa kunishika nikianguka. Bosi alikubali bodi na Ijumaa pale pale. Kazi mbili alisema tuone. Tuliona, nilipata moja kwa mwezi, wakati mwingine hakuna.

Nikamuuliza pia kuhusu NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda, na hii natamani kila aliyeajiriwa Kenya aijue. Mwajiri anatakiwa kulipa ushuru wa mafunzo ya viwanda, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Ni mia sita kwa mwaka, na si ya kukatwa kwa mshahara wako, ni ya mwajiri. Hiyo pesa inaenda NITA, na mwajiri akipeleka mtu kwa mafunzo yaliyoidhinishwa, anaweza kudai arudishiwe gharama, mradi aombe idhini kabla ya mafunzo na si baada. Bosi wangu alikuwa analipa miaka yote na hakuwa amewahi kudai hata mara moja. Hakuwa na ubaya, hakuna mtu alikuwa amemkalisha chini. Nenda umuulize wako kwa heshima, usiende kama askari kanzu.

NITA hao hao ndo wenye mitihani ya ufundi, gredi ya tatu, ya pili, ya kwanza, na wana kituo chao hapa Kisumu. Mimi nilikuwa nimefundishwa kazini, na Jaduong' hakuwa na karatasi ya kunipa. Nikafanya gredi ya tatu. Kuna maandishi na kuna vitendo, unapewa mrija, unapewa mashine, unatazamwa. Nilipita. Lakini niseme hivi, ule mtihani haukunifundisha, ulinipima, na hizo ni kazi mbili. Nimeona vijana wanakusanya vyeti kama vitambulisho vya chama, kila mwaka kozi mpya, na ukimpa geji anashika upande usiofaa. Na nimeona pia fundi hodari kabisa wa Kibuye akinyimwa tenda kwa kukosa hiyo karatasi. Ipange, lakini iweke mahali pake, baada ya mkono kujua.

Kuna ukurasa wa nyuma kwa kitabu changu unaitwa Kwa Nini. Huo ni wa vitu ambavyo sijakwama, kazi imeisha, mteja amelipa, lakini kuna kitu sijaelewa. Ukurasa huo unanipa furaha kuliko kurasa zingine zote na nitaeleza kimoja tu.

Ukishafunga mashine unavuta vakyumu, yaani unatoa hewa yote na unyevu kabla ya kuweka gesi. Kitabu kinasema sindano ya geji ishuke hadi 30, inchi za zebaki. Yangu hapa Kisumu haijawahi kufika 30. Inaganda kwa 26. Nikamuuliza Jaduong', akaniambia pampu imechoka. Nikakubali. Alafu tukatumwa kwa kipoza maziwa cha ushirika mmoja kule Nakuru, pampu ile ile, geji ile ile, mpira ule ule, nikavuta, sindano ikaganda kwa 24. Nikasubiri saa nzima, 24. Sasa pampu haiwezi kuchoka njiani ikiwa imelala nyuma ya pikapu. Nikaandika: kwa nini Kisumu 26 na Nakuru 24?

Usiku ule nimelala lojing Nakuru, baridi kali, nikakumbuka tulivyopumua tukipanda. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru iko kama 1,850. Kitabu kiliandikwa na mtu aliyekaa usawa wa bahari. Geji yetu sifuri yake ni hewa iliyoko hapo uliposimama, inapima tu umeshuka kiasi gani chini ya hiyo hewa, na hewa ya Nakuru ni nyepesi kuliko ya Kisumu, na ya Kisumu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Huwezi kutoa hewa ambayo haipo. Ilikuwa ni fizikia ya sekondari, ile ya mrija wa zebaki sentimita 76, niliipita kwa mtihani na kuisahau, na ilikuwa imekaa miaka kumi na sita ikiningoja nyuma ya kipoza maziwa.

Na haikuwa maarifa ya kupendeza tu. Kama pampu haikuwa mbovu, basi ile sindano haiwezi kuniambia kama unyevu umetoka, ju tofauti kati ya vakyumu nzuri na mbaya ni ndogo sana haionekani kwa sindano. Inahitaji geji ya maikroni, ile inayopima vakyumu kwa vipimo vidogo sana, unashuka hadi 500 na unafunga valvu unaona kama inakaa. Niliporudi nikamweleza bosi, nikamchorea. Alinunua moja baada ya miezi miwili. Jaduong' nilipomweleza alicheka sana akasema, "Miaka thelathini nimebadilisha pampu bure," alafu akaniuliza nimweleze tena polepole.

Sitaki mtu asome hapa afikiri mpango ulienda sawa. Robo ya kwanza ilienda vizuri, friji tatu zikawa nne, hakuna iliyorudi. Robo ya pili, Aprili hadi Juni, ilikuwa ya inveta, na nilikuwa nimejiandikia bodi sita za kufungua na kuchora njia ya umeme kila moja. Nilifanya mbili. Mvua ndefu ikaja, stima Kisumu ikawa inakatika na kurudi kwa nguvu, kila siku AC zimeungua, zile Ijumaa zangu zikaliwa zote isipokuwa tatu. Na mtoto akaugua malaria wiki mbili, nikampeleka kwa mamangu Vihiga, nikawa nalala huko naamka saa kumi kuwahi kazi. Ilipofika Juni nikaangalia ile karatasi nikaona aibu, nikataka kuitupa.

Sikuitupa. Nilichofanya ni kuuliza, je, lile jambo bado ni muhimu? Ndiyo. Je, sita zilikuwa nyingi? Ndiyo. Nikafuta sita nikaandika tatu, nikasogeza mbele, ile ya umeme wa vyumba vya baridi nikaisukuma mwaka uliofuata kabisa. Na nilijifunza kwamba mtu wa AC Kisumu asipange masomo mazito msimu wa mvua, kama vile mwalimu asivyopanga mwezi wa mitihani na mhasibu asivyopanga Juni. Kila kazi ina msimu wake wa kubanwa, unaujua, panga ukiupisha.

Zile bodi zenyewe, nikizikumbuka, ndizo zilinibadilisha zaidi. Unaiweka mezani, inanuka moshi, unaanza pale stima inapoingia. Fyuzi. Ile duara ya bluu inayokula stima ikizidi, kama imepasuka unajua ni stima imekuja kwa nguvu. Daraja la dayodi. Kapasita kubwa kama kopo la dawa, hiyo unapima kabla ya kugusa, inashika umeme hata mashine ikiwa imezimwa, inaweza kukurusha. Nilikuwa naona msitu, sasa naona barabara. Mara ya kwanza nimepata bodi imekufa kwa fyuzi na hiyo duara tu, vitu vya bei ya chakula cha mchana, nikabadilisha ikawaka, niliitazama ikizunguka feni hadi mteja akaniuliza kama kuna shida.

Mwaka jana Desemba nilihesabu tena. J zilikuwa kumi na tisa. Inveta zimebaki sita, gesi inayowaka hakuna hata moja, umeme wa vyumba vya baridi bado tisa vilevile ju sikuugusa. Na kuna mpya nne ambazo hazikuwepo kabisa, zote za R32, AC mpya zinazofungwa kwa maofisi, gesi inayowaka polepole si kama ile ya friji lakini inawaka, na presha yake iko juu. Mwezi huu pekee nimeshazungushia mbili. Jaduong' naye haijui, tulikuwa tunakisia wote wawili kwa simu. Kwa hivyo karatasi ya robo hii imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, imeandikwa R32, mashine mbili, na mahali pa "nitajifunza kwa nani" bado ni wazi. Kuna mtu nimeambiwa yuko Eldoret. Jumamosi nampigia.